Fahamu: Jinsi kemikali za gesi ya galaksi hai zinavyopimwa

MKULIMA wa mahindi viungani mwa mji wa Kitale anapotaka kujua iwapo shamba lake lina asidi nyingi au limepungukiwa na fosforasi, huchimba udongo katika sehemu kadhaa za shamba, akauchanganya, akautia mfukoni na kuupeleka maabarani. Baada ya muda hukabidhiwa karatasi yenye tarakimu, na kwa tarakimu hizo huamua atanunua mbolea gani na chokaa kiasi gani.

Mwanafalaki anayetaka kujua gesi iliyo katika kiini cha galaksi ya mbali ina oksijeni, naitrojeni au chuma kiasi gani hana jembe la kuifikia. Centaurus A, mojawapo ya galaksi hai zilizo karibu nasi zaidi, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi. Maana yake ni kwamba mwanga wake unaofika duniani usiku huu uliondoka huko miaka milioni 12 iliyopita. Hakuna chombo kinachoweza kwenda huko na kurudi na sampuli.

Hata hivyo, wanafalaki nao hutoa tarakimu. Huzisoma katika mwanga wenyewe, kwa elimu ambayo msingi wake hufundishwa katika maabara za shule za upili za Kitale na Bungoma, na ambayo baadhi ya hatua zake kubwa zilipigwa na setilaiti zilizorushwa kutoka pwani ya Kenya.

Lakini tarakimu hizo zina mgogoro. Njia mbili zinazotumika kupima gesi ile ile zimekuwa zikitoa majibu yanayotofautiana mara kadhaa, na mgogoro huo haujamalizika kabisa.

Galaksi hai ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi, unaoshikamanishwa na nguvu ya uvutano. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe, ambayo wakazi wa vijijini huiona kama utepe wa mwanga hafifu angani usiku usio na mbalamwezi.

Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye uzito mkubwa mno uliosongamana katika nafasi ndogo, kiasi kwamba hata mwanga ukiingia humo hautoki. Shimo jeusi la Njia Nyeupe lina uzito wa takriban jua milioni 4.

Wakazi wa Kitale na Bungoma wanaweza kuielewa tofauti kati ya galaksi na galaksi kwa kutazama Mlima Elgon, ulioko baina ya nchi yao na Uganda. Elgon ni volkano iliyozimika zamani. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni volkano hai. Yote miwili ni milima ya volkano, ila mmoja umetulia na mwingine bado unatoa moto.

Vivyo hivyo, shimo jeusi la Njia Nyeupe kwa sasa limetulia. Katika galaksi hai, gesi nyingi inaanguka kuelekea shimo jeusi. Kabla ya kumezwa, gesi hiyo huzunguka kwa kasi, hujikusanya katika umbo la sahani, husuguana na kupata joto kali, kisha hung'aa. Kiini cha galaksi ya namna hii kinaweza kushinda kwa mwangaza nyota zote za galaksi hiyo zikiwekwa pamoja.

Mwanga huo mkali ndio unaoiangazia gesi nyingine iliyo kando. Wataalamu huigawa gesi hiyo katika maeneo mawili. La kwanza liko karibu na shimo jeusi, ambako mawingu ya gesi hukimbia kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. La pili liko mbali zaidi, mamia au maelfu ya miaka ya nuru kutoka kwenye kiini, ambako gesi ni nyepesi na mwendo wake ni wa kadiri. Eneo hili la pili ndilo linalopimika kwa urahisi zaidi.

Mahali ilipo miji hii miwili si pabaya kwa elimu hii. Kitale iko takriban nyuzi 1 kaskazini mwa ikweta, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari; Bungoma iko chini yake kidogo na karibu zaidi na ikweta. Kwa hiyo galaksi hai mashuhuri za kaskazini, kama vile NGC 4151, na za kusini, kama vile Centaurus A, zote hupita juu ya upeo wa macho wa wakazi wake kwa nyakati tofauti za mwaka. Mtazamaji wa Ulaya au wa Afrika Kusini hana bahati ya kuziona zote vyema.

Elimu iliyoanzia kwenye mwali wa moto

Kila mpishi ameona chumvi ikimwagikia jikoni na mwali ukageuka manjano. Mwanafunzi wa kemia huona zaidi ya hayo. Msombo wa shaba ukichomwa hutoa mwali wa kijani, wa kalsiamu hutoa wekundu wa matofali, na wa potasiamu hutoa zambarau hafifu.

Sababu ni kwamba elektroni zilizo ndani ya atomu hukaa katika ngazi maalumu za nishati. Elektroni ikipigwa hupanda ngazi. Ikishuka hutoa mwanga wa rangi moja mahususi. Ngazi za sodiamu si ngazi za shaba, ndiyo maana rangi zao hazifanani. Mwanga wa gesi ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu au kifaa kingine kinachotenganisha rangi, hauonekani kama upinde kamili wa mvua bali kama mistari michache yenye kung'aa. Mpangilio huo wa rangi na mistari huitwa spektra.

Mnamo 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alidai kwamba binadamu hataweza kamwe kujua nyota zimeundwa kwa kemikali gani. Haikupita miaka 25 kabla ya Wajerumani Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen kuonyesha, kati ya 1859 na 1860, kwamba kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine. Tangu hapo mwanga wa Jua na wa nyota ukawa ushahidi wa kemikali.

Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza chombo chake kwenye wingu moja la angani na kukuta mistari ya kijani ambayo haikufanana na ya elementi yoyote iliyojulikana. Kwa miongo mingi wataalamu walidhani wamegundua elementi mpya. Ni mwaka 1927 ambapo Mmarekani Ira Bowen alitegua kitendawili hicho. Haikuwa elementi mpya, bali oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili na ambayo hung'aa hivyo tu pale gesi inapokuwa nyepesi kuliko ombwe lolote la maabara za wakati huo.

Mistari hiyo hiyo ya oksijeni ndiyo nguzo ya upimaji wa galaksi hai hadi leo. Edward Fath aliiona katika kiini cha galaksi ya NGC 1068 mwaka 1908, akiwa katika kituo cha Lick huko California. Mwaka 1943 Carl Seyfert alichapisha uchunguzi wa galaksi chache zenye viini vya namna hiyo, nazo zikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba kitu kilichoitwa 3C 273, kilichofanana na nyota, kilikuwa kiini cha galaksi iliyo mbali mno. Aina hiyo ikajulikana kama kwaza.

Mbinu ya kusoma kemikali kwa mwanga haiko angani tu. Jijini Nairobi, maabara ya ICRAF, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo-misitu, husoma sifa za udongo wa mashamba kwa kuumulika kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mkulima na mwanafalaki, kwa hivyo, wanakutana katika elimu moja.

Hatua za upimaji

Kazi huanza kwa darubini kubwa yenye kifaa cha kutenganisha rangi. Barani Afrika, darubini ya SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2005 na yenye kioo cha upana wa takriban mita 11, ni mojawapo ya zinazofanya kazi hiyo.

Hatua ya kwanza ni kutenga mwanga wa gesi na mwanga wa nyota za galaksi yenyewe. Nyota hutoa mwanga wa rangi zote, na mwanga huo usipoondolewa hufunika mistari iliyo dhaifu.

Hatua ya pili ni kurekebisha athari ya vumbi. Wakati wa kiangazi, jua linapotua nyuma ya vumbi la barabara za Trans Nzoia, huonekana jekundu kwa kuwa vumbi huzuia mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Vumbi la galaksi hufanya vivyo hivyo. Haidrojeni ina mstari mwekundu katika nanomita 656.3 na mwingine wa buluu katika nanomita 486.1. Kwa kanuni za fizikia, ule mwekundu unapaswa kuwa na nguvu mara 3 hivi kuliko wa buluu. Ukipatikana kuwa na nguvu mara 5, mtaalamu hujua vumbi limepunguza buluu, na hukokotoa kiasi kilichopotea.

Hatua ya tatu ni kupima msongamano wa gesi. Salfa iliyopoteza elektroni moja hutoa mistari miwili iliyokaribiana, nanomita 671.6 na 673.1. Uwiano wa nguvu zake hubadilika kadiri gesi inavyosongamana. Katika eneo la mbali la galaksi hai, vipimo hivi mara nyingi huonyesha elektroni mamia hadi maelfu katika kila sentimita moja ya ujazo. Kiasi hicho ni kidogo mno. Hewa ya duniani ina molekuli zaidi ya bilioni bilioni 10 katika nafasi kama hiyo.

Hatua ya nne, iliyo ngumu kuliko zote, ni kupima joto. Hapa mistari ya oksijeni hutumika tena. Mstari wake wa kijani wa nanomita 500.7 hutokea elektroni inaposhuka kutoka ngazi ya kwanza ya juu, na mstari wa nanomita 436.3 hutokea inaposhuka kutoka ngazi iliyo juu zaidi. Kuifikia ngazi hiyo ya juu kunahitaji kipigo kikali, na vipigo vikali ni vingi katika gesi yenye joto zaidi. Kwa hiyo uwiano wa mistari hiyo miwili ni kipimajoto cha gesi iliyo umbali wa mamilioni ya miaka ya nuru. Joto linalopatikana kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 10,000 na 20,000.

Hatua ya tano ni kugeuza nguvu ya kila mstari kuwa idadi ya atomu, ikilinganishwa na haidrojeni. Hatua ya sita ni kukadiria atomu zisizoonekana. Mwanga wa galaksi hai ni mkali kiasi kwamba hung'oa elektroni nyingi, na baadhi ya oksijeni hubaki katika hali isiyotoa mistari katika mwanga wa kawaida. Ni kama kuhesabu watu waliokwenda sokoni kwa kusimama kwenye lango moja tu ilhali soko lina malango manne. Ni lazima makadirio ya malango mengine yaongezwe.

Jibu hulinganishwa na Jua, ambalo lina takriban atomu 490 za oksijeni kwa kila atomu milioni moja za haidrojeni. Ikumbukwe kwamba hata Jua lenyewe halikueleweka mapema. Ni mwaka 1925 ambapo Cecilia Payne alionyesha kwamba nyota zimeundwa kwa haidrojeni zaidi ya kitu kingine chochote, na mwanzoni wakubwa wa fani hiyo hawakumkubalia.

Mgogoro wa vipimo viwili

Njia iliyoelezwa hapo juu huitwa njia ya moja kwa moja, kwa kuwa hupima joto badala ya kulikisia. Udhaifu wake ni kwamba mstari wa nanomita 436.3 ni hafifu mno. Mara nyingi nguvu yake ni kama sehemu moja ya mia ya ule wa nanomita 500.7 au chini ya hapo, na katika galaksi nyingi hauonekani kabisa.

Ndipo ilipobuniwa njia ya pili. Wataalamu hutumia programu za kompyuta zinazounda gesi ya kubuni, kuiangazia kwa mwanga wa galaksi hai na kukokotoa mistari itakayotokea. Programu mashuhuri zaidi, Cloudy, ilianzishwa na Gary Ferland mwaka 1978. Baada ya hapo mistari yenye nguvu iliyopimwa, kama vile ya naitrojeni na oksijeni, hulinganishwa na majibu ya kompyuta hadi pande mbili zifanane. Thaisa Storchi-Bergmann wa Brazili na wenzake walitoa kanuni za namna hiyo mwaka 1998.

Kwa gesi ya kawaida inayoangaziwa na nyota changa, njia ya moja kwa moja huheshimiwa kuliko zote. Ilitarajiwa kwamba ingefaa pia kwa galaksi hai. Haikuwa hivyo. Mwaka 2015 Oli Dors, pia wa Brazili, na wenzake walilinganisha njia hizo mbili wakakuta ile ya moja kwa moja ikitoa kiasi cha oksijeni kilicho chini kwa wastani wa mara 6 hivi, na katika baadhi ya galaksi pengo lilikuwa kubwa zaidi.

Tofauti hiyo si ndogo. Ni sawa na maabara moja kumwambia mkulima kwamba udongo wake una rutuba tele, na nyingine kumwambia kwamba shamba limekwisha.

Chanzo cha utata kinaeleweka kwa mfano wa uwanja wa mpira. Mtu aliye nje ya ukuta wa uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, husikia sauti ya mashabiki bila kuwaona. Akidhani kila shabiki anapiga kelele kwa nguvu zake zote, atakadiria watu wachache. Akidhani wanazungumza kwa kawaida tu, atakadiria umati. Sauti aliyoisikia ni ile ile. Kilichobadilika ni dhana yake kuhusu kila mmoja wao.

Joto la gesi lina nafasi kama hiyo. Kadiri gesi inavyokuwa na joto, ndivyo kila atomu ya oksijeni inavyong'aa zaidi katika mstari wa kijani. Mtaalamu akikadiria joto kupita kiasi, atahitaji atomu chache kueleza mwanga aliouona, na atatangaza oksijeni kidogo kuliko iliyopo.

Katika galaksi hai, kuna sababu za kushuku kwamba kipimajoto kinaweza kudanganya. Mawingu ya gesi hugongana na baadhi ya sehemu zikapata joto kuliko nyingine, na zile zenye joto ndizo hutawala mstari wa nanomita 436.3. Isitoshe, kanuni inayotumika kukisia joto la sehemu zisizopimwa ilitungwa kwa gesi inayoangaziwa na nyota, si kwa gesi iliyo karibu na shimo jeusi.

Mwaka 2020 Dors na wenzake walipendekeza kanuni nyingine ya joto inayolingana na galaksi hai, na pengo likapungua. Halikutoweka. Kwa sababu hiyo, msomaji anayekutana na tarakimu ya kemikali za galaksi hai hana budi kuuliza kwanza ilipatikana kwa njia ipi.

Ngomeni na chuma cha mbinguni

Mwanga unaoonekana kwa macho si ushahidi pekee. Gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi hutoa eksirei, ambazo hufyonzwa na hewa kabla ya kufika ardhini. Ili kuziona ni lazima chombo kipande juu ya hewa, na hapa ndipo Kenya ilipoingia katika historia hii.

Mbali na nyanda za Kitale, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Italia ilijenga kituo cha kurushia roketi kilichoitwa San Marco, kilichosimama juu ya nguzo za chuma majini. Mhandisi Luigi Broglio ndiye aliyeongoza mradi huo, na roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka hapo iliruka mwaka 1967. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa kuipa kasi ya ziada.

Mnamo 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco na kupewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani pekee. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwao zilikuwemo galaksi hai za NGC 4151 na NGC 1275, pamoja na kwaza 3C 273. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Uhuru pia ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei zilizotapakaa katika nafasi iliyo kati ya galaksi. Swali lilikuwa zinatoka wapi. Jibu lililetwa na setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka San Marco, Ariel 5 ya Uingereza, iliyoruka tarehe 15 Oktoba 1974.

Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza waliotumia Ariel 5 walitangaza kwamba wameona, katika kundi la galaksi la Perseus, mstari wa eksirei wa chuma kilichong'olewa karibu elektroni zake zote 26. Kundi hilo liko umbali wa miaka ya nuru milioni 240 hivi, na katikati yake ndipo ilipo NGC 1275. Mstari huo ulithibitisha kwamba eksirei hizo zilitoka katika gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Ulionyesha pia kwamba gesi hiyo haikuwa haidrojeni na heli tupu, bali ilikuwa na chuma kilichotengenezwa ndani ya nyota na kutapanywa nje ya galaksi.

Vipimo hivyo vimeendelea kunolewa. Setilaiti ya Hitomi ya Japani, iliyopotea wiki chache tu baada ya kurushwa mwaka 2016, iliwahi kuitazama Perseus. Ilikuta uwiano wa kromiamu, manganizi na nikeli kwa chuma ukikaribiana na ule wa Jua. Mrithi wake, XRISM, iliyorushwa mwaka 2023, imechambua mstari wa chuma wa NGC 4151, galaksi ile ile iliyoonwa na Uhuru, na kutenganisha gesi iliyo karibu na shimo jeusi na ile iliyo mbali zaidi.

Roketi ya mwisho iliruka kutoka San Marco mwaka 1988. Kituo cha nchi kavu kimeendelea kuwasiliana na setilaiti, nayo Kenya ilianzisha Shirika la Anga za Juu mwaka 2017.

Faida ya kujua

Kila elementi ina historia yake. Haidrojeni na sehemu kubwa ya heli zilitokea ulimwengu ulipoanza, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Oksijeni hutoka hasa katika nyota kubwa, ambazo huishi miaka mamilioni machache tu kabla ya kulipuka. Sehemu kubwa ya chuma hutoka katika milipuko ya nyota kibete nyeupe, ambayo kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi kutokea. Naitrojeni nyingi hutolewa na nyota za uzito wa wastani.

Kwa hivyo uwiano wa elementi hizo ni saa inayoonyesha umri wa jamii ya nyota. Vipimo vya kwaza za mbali sana, ambazo mwanga wake uliondoka ulimwengu ukiwa mchanga, vimeonyesha gesi yenye elementi nzito kwa kiwango cha Jua au zaidi. Hiyo ni ishara kwamba katika viini vya galaksi hizo vizazi vya nyota vilizaliwa na kufa kwa haraka.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imerudisha swali hilo nyuma zaidi. Galaksi ya GN-z11 inaonekana kama ilivyokuwa takriban miaka milioni 430 baada ya ulimwengu kuanza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 uliipa uwiano wa naitrojeni kwa oksijeni uliozidi mara 4 ule wa Jua, na mwaka 2024 watafiti walitoa ushahidi kwamba ina shimo jeusi linalomeza gesi. Ikiwa vipimo ni sahihi, ni lazima ipatikane njia ya kueleza naitrojeni nyingi hivyo katika muda mfupi hivyo. Ikiwa joto au msongamano umekadiriwa vibaya, huenda fumbo likapungua. Mgogoro wa kipimajoto, basi, si wa mabingwa peke yao. Unagusa historia ya oksijeni inayovutwa na kila kiumbe, na ya chuma kilichomo katika damu na katika jembe.

Mlango ulio wazi

Wengi hudhani elimu hii ni ya nchi zenye darubini ghali. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Mradi wa SDSS wa Marekani, ulioanza kupiga picha za anga mwaka 2000, umeweka mamilioni ya spektra hadharani bila malipo. Mistari ya haidrojeni, oksijeni, naitrojeni na salfa imo humo, pamoja na vipimo vya nguvu zake.

Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Mwanafunzi wa fizikia wa chuo kama hicho, akiwa na kompyuta ya kawaida na intaneti, anaweza kupakua spektra ya galaksi hai, kupima uwiano wa mistari yake na kukokotoa joto la gesi yake. Programu ya Cloudy nayo hutolewa bure. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu wa kuongoza na saa za kutosha za mtandao.

Na anayeanza hana haja ya kwenda mbali. Mistari ya oksijeni ya nanomita 436.3 na 500.7 ndiyo mahali pa kuanzia, kwa kuwa tofauti ya majibu ya mabingwa nayo huanzia hapo hapo.